Ufikivu wa tovuti ukae kwenye alama, si kwenye mhadhara wa mwisho

Chukua kazi ya kawaida ya mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kompyuta: fomu ya kujisajili masomo, yenye jina, namba ya simu, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania), kozi na kitufe cha kutuma. Rangi zimependeza, data inaingia kwenye hifadhidata, ukurasa unakaa vizuri kwenye simu. Mhadhiri anampa 18 kwa 20. Sasa chomoa kipanya, ujaribu kuijaza fomu ileile kwa kibodi peke yake. Ukibonyeza Tab huoni umefika wapi, kwa sababu mwanafunzi ameandika `outline: none` ili kuondoa ule mstari wa buluu anaoona unaharibu muonekano. Orodha ya kozi haifunguki. Kitufe cha kutuma si kitufe, ni `div` (kisanduku kitupu cha HTML) iliyopakwa rangi, na kibodi inakiruka kana kwamba hakipo. Mtu asiyeona, mtu ambaye mikono yake inatetemeka, hata mtu ambaye kipanya chake kimekufa asubuhi hiyo, hawezi kujisajili. Na kazi imepata 18.

Ufikivu maana yake ni tovuti kutumika na watu wenye ulemavu wa kuona, kusikia, viungo au uelewa kama inavyotumika na watu wengine. Vyuoni hutajwa, lakini mara nyingi hutajwa mwishoni: mhadhara mmoja wa wiki ya 14, slaidi yenye picha ya mtu mwenye fimbo nyeupe, kifungu cha sheria, basi. Mwanafunzi anajua kusoma dalili. Kitu kisichokuwa na alama anakihesabu kuwa ni hisani, na hisani haifanywi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi. Kwa hiyo kabla ya kuomba somo jipya la ufikivu, tuuingize kwenye alama za masomo ambayo tayari yapo, kuanzia fomu ya kwanza kabisa anayoitengeneza mwanafunzi.

Somo la pekee lina sifa zake, lakini lina kasoro mbili. Kwa kawaida ni la hiari, hivyo huchukuliwa na wale ambao wameshashawishika. Halafu huja mwaka wa tatu au wa nne, wakati mwanafunzi ameshaandika kurasa mamia kwa mazoea mabaya, kwa hiyo linageuka kuwa somo la kukarabati. Uchunguzi wa 2018 uliojibiwa na wahadhiri zaidi ya 1,800 wa kompyuta nchini Marekani ulionyesha vikwazo viwili vikubwa vya kufundisha ufikivu: kukosekana kwa malengo ya kujifunza yanayohusu somo lenyewe la mhadhiri, na wahadhiri wenyewe kutoujua ufikivu. Kikwazo cha kwanza ndicho hasa kinachotuhusu hapa. Mhadhiri wa hifadhidata akiambiwa tu “fundisha ufikivu” hajui aanzie wapi. Akiambiwa kwamba jedwali la picha katika mfumo wowote wa habari lazima liwe na safu ya maandishi mbadala, ameelewa mara moja. Bila safu hiyo mwandishi wa habari hana pa kuyaandika maelezo ya picha hata akitaka, na kosa lilifanyika siku jedwali lilipochorwa.

Ukitaka kujua makosa yenyewe ni ya aina gani, tazama kipimo cha WebAIM, kituo kilichopo Chuo Kikuu cha Utah State, ambacho tangu 2019 hupitisha kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja kwenye programu ya kupima. Mwaka 2019 kurasa zilizokutwa na makosa zilikuwa asilimia 97.8. Mwaka 2025 zilikuwa asilimia 94.8. Kinachoumiza zaidi ni kwamba karibu asilimia 96 ya makosa yote yanayonaswa yanaangukia mafungu sita tu: maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maandishi mbadala, visanduku vya fomu visivyo na lebo, viungo vitupu, vitufe vitupu, na ukurasa usiotaja lugha yake. Hakuna hata kimoja kinachohitaji shahada ya uzamili. Yote sita ni mambo ya wiki nne za kwanza za HTML na CSS.

Fomu ndiyo darasa

Fomu inastahili wiki mbili nzima za muhula. Ndani ya fomu moja ndogo kuna maelezo, uchaguzi, makosa, ujumbe na muda, na mwisho wake mtu ama ametuma ama hajatuma. Huhitaji mjadala mrefu kujua kama inafanya kazi.

Anza na lebo. Wanafunzi wengi huandika “Namba ya simu” ndani ya kisanduku chenyewe kwa `placeholder`, kisha hawaweki lebo, kwa sababu fomu inaonekana safi. Maandishi hayo hupotea mtu anapoandika herufi ya kwanza, kwa hiyo aliyekatizwa na mazungumzo, au anayesahau haraka, inambidi afute ili akumbuke alichoulizwa. Rangi yake ya kawaida ni kijivu hafifu. Visoma skrini, yaani programu zinazomsomea asiyeona kwa sauti kilichopo kwenye skrini, navyo haviyashughulikii kwa namna moja. Dawa ni mstari mmoja, `<label for="simu">Namba ya simu</label>`, na kisanduku kiwe na `id="simu"`. Kulijaribu hakuhitaji zana yoyote: bofya maneno yenyewe, na kama kishale cha kuandikia hakikuingia kwenye kisanduku, lebo haijaunganishwa.

Hapo mhadhiri atarajie kosa moja litakalojirudia darasa zima. Mwanafunzi ananakili mstari, anabadili maneno, anasahau kubadili `for` na `id`. Visanduku vitatu vinabaki na `id` moja. Kwa macho huoni tatizo, lakini lebo zote tatu zimeenda kwenye kisanduku cha kwanza, na viwili vilivyobaki ni bubu. Bofya lebo ya tatu utaona kishale kikirukia juu. Likionyeshwa mara moja ubaoni, halisahauliki.

Maswali ya Ndiyo na Hapana yana mtego wake. Juu kuna swali, “Je, unaomba malazi ya chuo?”, na chini vitufe viwili vya kuchagua. Anayeona anaunganisha swali na majibu kwa jicho. Anayesikiliza, asipopewa muunganisho huo ndani ya msimbo, akifika kwa Tab anasikia “Ndiyo” pasipo swali lolote. Swali liwekwe kwenye `legend`, na kundi zima lizungushiwe `fieldset`.

Kisha makosa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na kwenye kitambulisho huandikwa ikiwa imegawanywa kwa vistari. Fomu za wanafunzi hukataa vistari hivyo, kisha kisanduku kinapigwa mpaka mwekundu. Kwa asiyeona, au asiyetofautisha nyekundu na kijani, hakuna kilichotokea: amebonyeza Tuma na ukurasa umekaa kimya. Mbaya zaidi ni ule ujumbe unaochomoza pembeni kwa sekunde tatu na kutoweka, au fomu inayofuta kila kitu ili mtu aanze upya. Mwanafunzi afundishwe hatua hizi kwa mpangilio wake. Kwanza pokea vistari na uviondoe mwenyewe kwa mstari mmoja wa msimbo, kwani kompyuta ndiyo inayopaswa kufanya kazi hiyo. Pili, andika kosa kwa maneno yanayosaidia: “Namba ya NIDA ina tarakimu 20, umeandika 19.” Tatu, unganisha ujumbe huo na kisanduku kwa `aria-describedby`, na kukiwekea kisanduku `aria-invalid="true"`. Nne, kama makosa ni zaidi ya moja, yaorodheshe juu ya fomu, kila kosa likiwa kiungo kinachompeleka mtu kwenye kisanduku chake, na uhamishie fokasi hapo, yaani mahali kibodi ilipo. Tano, alichokwisha kuandika kisipotee.

Kuhusu ile `div` iliyopakwa rangi, njia nzuri ya kufundisha ni kumwacha mwanafunzi ajaribu kuikarabati. Ataongeza `tabindex="0"` ili ifikiwe kwa Tab. Atagundua Enter haifanyi kitu, ataongeza msimbo wa Enter. Kisha nafasi (Space), maana kitufe halisi huitikia Enter na nafasi pia, na ukurasa utaanza kushuka kila akibonyeza nafasi mpaka auzuie. Kisha `role="button"` ili kisoma skrini kijue ni nini. Baada ya mistari kama 15 atakuwa amejenga upya, kwa ubovu, kitu ambacho `<button>` humpa bure. Kanuni ya kwanza ya ARIA, yaani sifa za ziada kama hizi za `aria-` na `role` zinazokieleza kisoma skrini kitu ni nini, ndiyo hiyo: kama HTML ina kitu chake cha asili, kitumie. Vipimo vya WebAIM vimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kurasa zenye ARIA zina wastani mkubwa zaidi wa makosa kuliko zisizo nayo. Hiyo si kusema ARIA ndiyo inayosababisha makosa, kwa kuwa kurasa hizo huwa na vitu vingi zaidi pia, lakini inatosha kumfanya mhadhiri asiipeleke ARIA darasani kabla `button`, `label` na `h1` hadi `h6` hazijazoeleka.

Maabara bila bajeti

Kisingizio kinachosikika mara nyingi ni vifaa. NVDA, kisoma skrini cha Windows kilichoanzishwa Australia mwaka 2006, ni cha bure na msimbo wake uko wazi. Kina toleo la kubebeka linalofanya kazi kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, jambo lenye thamani kubwa kwenye maabara za chuo ambako nenosiri la msimamizi halipatikani kirahisi. Kwenye menyu yake ya zana kuna kionyeshi cha matamshi, dirisha linaloandika kila neno linalosemwa. Liwashe, kwa sababu kompyuta 40 zikisema kwa pamoja hakuna atakayesikia, na mhadhiri naye husahihisha haraka zaidi akisoma kuliko akisikiliza. Mwanafunzi anahitaji funguo chache tu: H kuruka kichwa hadi kichwa, F kwenda kisanduku cha fomu kinachofuata, K kwa viungo, B kwa vitufe, na Insert pamoja na F7 kupata orodha ya viungo vyote. Orodha hiyo ikionyesha “Bofya hapa” mara 11, somo la kuandika maneno ya kiungo limeshajifundisha.

Kwenye simu za Android kisoma skrini cha TalkBack tayari kipo. Kanuni moja tu itangulie: mfundishe mwanafunzi kukizima kabla hajakiwasha. Akikiwasha, mguso mmoja unasoma na miguso miwili ya haraka ndiyo inayofungua, na asiyejua hilo hujiona amefungiwa nje ya simu yake mwenyewe. Katika matoleo mengi, kushikilia vitufe viwili vya sauti kwa sekunde tatu hukiwasha na kukizima, njia hiyo ya mkato ikiwa imeruhusiwa kwenye mipangilio.

Sisi tunaoandika kurasa kwa Kiswahili tuna jambo letu ambalo vitabu vya kigeni hulipitia kwa sentensi moja. Violezo vingi vinavyonakiliwa huanza na `<html lang="en">`, na hubaki hivyo hata ukurasa mzima ukiwa wa Kiswahili. NVDA huja na eSpeak NG, sauti inayojua Kiswahili, na huweza kubadili lugha yenyewe kwa kufuata kile ukurasa ulichokitangaza. Ukurasa ukitangaza Kiingereza, “Wasilisha maombi” yanasomwa kwa kanuni za Kiingereza, irabu zinapinda, na msikilizaji anabaki kukisia. Kubadili `en` kuwa `sw` ni kazi ya sekunde tatu. Jina la shahada lililoandikwa kwa Kiingereza katikati ya ukurasa lizungushiwe `lang="en"` yake. Darasa lisikilize ukurasa mmoja mara mbili, kabla na baada. Katika maonyesho yote ya maabara, hili ndilo linalowaingia wanafunzi haraka zaidi, kwa kuwa hapa hata anayeona anausikia ulemavu wa ukurasa.

Picha nazo. Picha isiyo na `alt`, yaani maandishi mbadala, kabisa inaweza kumfanya msikilizaji asomewe jina la faili, na kwetu majina hayo mara nyingi ni ya namna ya IMG-20240311-WA0007, kwa kuwa picha imetoka WhatsApp. Picha ya urembo ipewe `alt=""` tupu ili irukwe. Tangazo lililochorwa kama bango, lenye tarehe, ada na namba ya kupiga, maneno yake yote yaandikwe kwenye ukurasa wenyewe. Barua iliyopigwa muhuri, ikaskaniwa na kupandishwa kama PDF ni picha pia, hata kama imejaa maneno, na kwa kisoma skrini ni karatasi tupu. Mhadhiri atoe tangazo moja la aina hiyo kama zoezi: mwanafunzi aligeuze liwe ukurasa wenye vichwa, jedwali halisi na kiungo cha kupakua ile PDF. Ni kazi ya saa moja, na itamfaa siku yake ya kwanza ofisini.

Rangi ni hesabu

Somo la kwanza la kuandika programu, lile la mwaka wa kwanza linalozoea kuwa na mazoezi ya kubadili nyuzi joto, lina nafasi nzuri ambayo haijatumiwa: mwanafunzi aandike kitendakazi kinachopokea rangi mbili na kurudisha uwiano wa mwanga kati yake. Kila moja ya nyekundu, kijani na buluu hugawanywa kwa 255, hunyooshwa kwa kanuni ya sRGB (mfumo wa kawaida wa rangi za skrini), kisha huzidishwa kwa 0.2126, 0.7152 na 0.0722 na kujumlishwa. Mwanga mkubwa ukiongezwa 0.05, ukagawanywa kwa mwanga mdogo ulioongezwa 0.05, uwiano umepatikana. Ile 0.05 inawakilisha mwanga wa mazingira unaorudishwa na skrini, na anayesoma simu juani saa saba mchana anajua maana yake.

Mwongozo wa kimataifa, WCAG, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa, na pia 3 kwa 1 kwa mipaka ya visanduku na alama zinazohitajika ili mtu atumie ukurasa. Data za kupimia zoezi ziwe na mtego: kijivu `#767676` juu ya nyeupe hutoa 4.54 na kinapita, `#777777` hutoa 4.48 na hakipiti. Mwanafunzi anayekadiria 4.48 kuwa 4.5 amekosa, na amejifunza mambo mawili kwa wakati mmoja. Kisha mpe rangi ya chungwa `#FFA500`, inayopendwa kwenye vitufe. Maandishi meupe juu yake hutoa 1.97, meusi hutoa 10.6. Mteja anayesema rangi ya kampuni haibadilishwi anaweza kubaki na chungwa lake, kinachobadilika ni maandishi tu.

Upande wa usanifu, tatizo kubwa ni kazi kuwasilishwa kama picha moja: fomu tupu, nzuri, kwenye skrini pana. Hakuna anayeitumia fomu ikiwa katika hali hiyo kwa zaidi ya sekunde mbili. Mwanafunzi wa usanifu awasilishe hali tano: fomu tupu, kisanduku chenye fokasi, kilichojazwa, chenye kosa, na fomu iliyokwisha kutumwa. Aongeze namba za mpangilio wa Tab juu ya mchoro, ngazi ya kila kichwa, na mchoro wa upana wa pikseli 320, ambao ni sawa na skrini ya pikseli 1280 iliyokuzwa kwa asilimia 400. Vitufe vidogo vifikie pikseli 24 kwa 24, kigezo kilichoingia kwenye WCAG 2.2 ya Oktoba 2023. Na wachore kwa Kiswahili. Kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza hupasuka kikiandikwa “Wasilisha maombi ya malazi”, halafu mtayarishaji analazimika kupunguza herufi mpaka zisisomeke.

Hoja ya muda wa kusahihisha ina uzito, hasa darasa likiwa na wanafunzi 150. Hapa ndipo wahadhiri hukimbilia zana za kupima kama Lighthouse au WAVE na kutoa alama kwa kufuata namba inayotokea. Zana hizo zitumike, lakini zisitoe hukumu. `alt="picha"` hupita. Lebo ya “Jina” iliyowekwa kwenye kisanduku cha simu hupita. Mwaka 2017 Huduma ya Kidijitali ya Serikali ya Uingereza ilitengeneza kwa makusudi ukurasa wenye makosa zaidi ya 140 na kuupitisha kwenye zana mbalimbali za kupima, na hakuna zana moja iliyofikisha nusu ya makosa hayo. Mwanafunzi anayejua kwamba alama ni namba ya Lighthouse ataitafuta namba, na ataipata. Zana ya pili ya kukwepa ni ile programu ya kubandika juu ya tovuti inayoahidi kuisafisha yote kwa mstari mmoja wa msimbo. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza amri ya kuitaka kampuni ya accessiBe ilipe dola milioni 1, kwa tuhuma za kudanganya kuhusu uwezo wa bidhaa yake ya namna hiyo. Mwanafunzi akiileta kama suluhisho, asipewe alama kwa hilo.

Mgawanyo unaofaa kwa kazi ya alama 20 ni huu: 5 za kibodi, 5 za lebo na makosa ya fomu, 3 za vichwa na lugha ya ukurasa, 3 za rangi na kukuza, na 4 za ripoti ya ukurasa mmoja inayosema mwanafunzi alijaribu nini, kwa funguo zipi, akakuta nini. Juu yake kuwe na lango: fomu isiyoweza kutumwa kwa kibodi haivuki alama 10, hata ikipendeza vipi. Msahihishaji anaanza na lango hilo. Tab, Tab, jaza, Enter, inachukua dakika moja. Zana ya kupima nyingine moja, kionyeshi cha matamshi mbili. Ni dakika nne kwa kazi, saa 10 kwa darasa la watu 150, ambazo wasaidizi watatu wa kufundisha wanaweza kugawana kwa siku mbili. Ripoti ile ya ukurasa mmoja ndiyo inayofichua aliyenakili, kwa maana haiandikiki bila kujaribu.

Kuna zoezi moja ambalo ni bora liachwe: kuwafunga wanafunzi vitambaa machoni kwa dakika 10 “waonje upofu”. Wanachoonja ni hofu ya mtu aliyepoteza macho sasa hivi, si ujuzi wa mtu aliyetumia kisoma skrini kwa miaka 15 na anayekisikiliza kwa kasi ambayo wao hawawezi hata kuifuatilia. Wanatoka na huruma, na huruma haiandiki `label`. Badala yake mwiteni mtumiaji halisi kwa saa moja, afanye kazi mbili kwenye tovuti za wanafunzi, wao wakiwa kimya na kuandika. Alipwe kwa saa hiyo kama mtaalamu yeyote anavyolipwa, pamoja na nauli ya msindikizaji kama anaye. Wapangeni wenye ulemavu tofauti: asiyeona, kiziwi anayetumia lugha ya alama, anayetumia kibodi tu. Kila mmoja atagonga ukuta tofauti.

Tusisahau pia kwamba mtu huyo anaweza kuwa tayari amekaa darasani. Mwanafunzi asiyeona aliyesajiliwa kompyuta hukutana na madokezo yaliyoskaniwa, michoro ya UML (ya kupanga programu) isiyo na maelezo, na video zisizo na manukuu ambazo kiziwi mwenzake naye hawezi kuzifuata. Manukuu ya mashine huvurugika zaidi mhadhiri anapochanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, kama wengi wetu tunavyofanya, kwa hiyo yapitiwe na mtu kabla ya kupandishwa. Kihariri cha msimbo kama VS Code hufanya kazi vizuri na visoma skrini, hivyo mara nyingi kizuizi ni slaidi za somo na wala si kuandika programu. Idara ianze na masomo mawili ya mwaka wa kwanza, isafishe madokezo yake, kisha isonge.

Sheria nayo ipo, na mwanafunzi aijue kwa jina. Kenya ina ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 na kiwango cha KS 2952 cha 2022 kuhusu ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inataja wazi mifumo ya habari na mawasiliano. Sheria ya Ufikivu ya Ulaya ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025, na inawagusa vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaoandika programu kwa wateja wa huko. Mwongozo wa mitaala ya sayansi ya kompyuta wa 2023, uliotolewa na vyama vya wanataaluma wa kompyuta vya ACM, IEEE Computer Society na AAAI, umeipa mada hii fungu lake ndani ya mawasiliano ya binadamu na kompyuta. Mhadhiri anayehitaji hoja ya kupeleka kwenye kamati ya mtaala anayo hapo. Lakini darasani sheria ipewe nusu saa, wala asitokee mtu wa kuwakaririsha wanafunzi vigezo vyote 86 vya WCAG 2.2. Viwili vya kibodi vikijaribiwa kwa mkono vinafundisha zaidi.

Linabaki swali la nini kitolewe ili fomu ipate wiki zake mbili, kwani muhula hauongezeki. Kuna kitu kimoja ambacho karibu kila somo la kwanza la tovuti bado linacho: zoezi la kutengeneza picha kubwa zinazojizungusha zenyewe juu ya ukurasa wa mwanzo. Lina mishale isiyofikiwa kwa kibodi, maneno yanayoondoka kabla ya kusomwa, mwendo usio na kitufe cha kusimamisha ingawa WCAG inakitaka pale mwendo unapozidi sekunde tano, na maandishi meupe juu ya picha ya anga. Hula wiki mbili za JavaScript, na akishahitimu, mwanafunzi huenda nalo kazini. Likiondolewa hilo, nafasi ya fomu imepatikana.